Mshubiri wa Uani: Tulivyoutambua kwa Sura Yake

Nyumba ya wifi yetu iko Majengo, mjini Nyeri, na uani kwake umeota mshubiri uliofanya kichaka kizito, kimo chake kumzidi mtu. Tulipokwenda kumjulia hali, msimu wa baridi, tulimkuta mkaza mwana wake, mja mzito wa miezi mitano, ameketi barazani na sinia mapajani. Juu ya sinia mlikuwa na majani mawili mabichi, yakitiririka utomvu wa manjano. Choo kilikuwa kimemfunga kwa siku kadhaa, na shoga yake alikuwa amemshauri asage alovera kwa ndimu, anywe.

Tulimuuliza amejuaje kwamba ile ni alovera. Akacheka. “Mashangazi, si shubiri zote ni moja?”

Hatukuwa na jibu. Tulilolifanya ni kumwomba aweke kisu chini mpaka tujue mti ule ni upi. Wifi yetu hakuupanda yeye, aliukuta alipohamia. Jirani yake, bibi mmoja wa Kikuyu, aliuita thukurui, lakini jina hilo kwao huitwa mishubiri ya namna nyingi, kama vile nasi tusemavyo “shubiri” tukakomea hapo. Tukaona hapana budi kuusoma mti wenyewe.

Mishubiri si mmoja. Kenya peke yake ina aina zaidi ya 50 zinazoota zenyewe, na baadhi zina majina ya kwetu pwani: iko ya Kilifi, Aloe kilifiensis, na ya Rabai, Aloe rabaiensis. Alovera ya madukani, Aloe vera, asili yake ni Bara Arabu, nayo huku kwetu ni mgeni aliyepandwa.

Swali la kwanza ni kama mti ni mshubiri kweli, kwa maana mkonge hufanana nao. Ukilikata jani la mkonge utakutana na nyuzi ngumu, zile zisokotwazo kamba. Jani la mshubiri lina ute laini ndani, na utomvu mchungu chini ya ngozi. Tena mkonge hutoa maua mara moja katika umri wake, kisha ukafa. Mshubiri huchanua ukarudia. Majani ya kwenye sinia yalikuwa na ute na utomvu. Hapo tukajua ni mshubiri. Ikabaki kujua ni mshubiri gani.

Tukatazama shina. Alovera haina shina la kuonekana. Majani yake hutoka chini karibu na udongo, yamekusanyika kama waridi lililofunuka. Huu wa wifi yetu ulikuwa na mashina mengi yaliyosimama na mengine yaliyolala, yakitoa matawi tangu chini. Kwa alama hiyo moja, alovera ikatoka katika hesabu.

Tukatazama majani. Katika nyanda za nyasi za pande za Nyeri na Nanyuki upo mshubiri mfupi wenye madoadoa meupe, Aloe lateritia, ambao maua yake hukusanyika juu kama mwavuli, na kila ua limevimba chini. Majani makubwa ya mti wetu hayakuwa na madoa, ila miba midogo ukingoni. Uko pia mshubiri wa nchi kavu, Aloe secundiflora, mwingi kuelekea Laikipia. Huo nao hukaa chini bila shina refu, na maua yake hujipanga upande mmoja tu wa tawi. Haukuwa huo.

Yakabaki maua, na maua hayakuwapo. Mwenye kutambua mshubiri bila ua ni kama mwenye kumtambua mtu kwa mgongo: huenda akapatia, huenda akamwita asiye wake. Tukarudi Mombasa na picha za shina na majani, tukamwachia wifi amana ya kungoja.

Mkaza mwana hakuunywa. Alipelekwa kliniki, akaambiwa azidishe maji, matunda na mboga, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akapata nafuu. Muuguzi alimweleza jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua: utomvu wa manjano wa mshubiri ni dawa kali ya kuharisha, na mja mzito hafai kuunywa hata ukitoka katika alovera halisi. Anayenyonyesha na mtoto mdogo hali kadhalika.

Baada ya miezi miwili tuliletewa picha. Mti ulikuwa umechanua vishada vyekundu vya rangi ya marijani. Tukaviweka pamoja: kichaka cha mashina mengi, majani yasiyo na madoa, maua mekundu, mahali penyewe Nyeri. Alama hizo zinaafikiana na Aloe nyeriensis, mshubiri uliopewa jina la mji huo huo. Tulikuwa tumeuita mgeni, kumbe mwenyeji ni yeye.

Je, kulikuwa na haja ya tabu yote hiyo? Tunaamini ilikuwapo. Pande za Taita uko mshubiri mrefu kama mti, Aloe ballyi, wenye sumu ya kweli. Asiyejua atauona majani na miba, aseme ni shubiri. Tuwakumbuke pia watoto wetu. Mama zetu wengi wamewaachisha ziwa kwa kupaka shubiri kwenye chuchu, na mtoto huramba kinachopakwa. Jani lisilojulikana lisiguse kinywa cha mtoto.

Mwenye mti asioujua apige picha ya mmea mzima, shina, jani pande zote mbili, na ua likiwapo, aandike ulikoota. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902, na wataalamu wake ndio kazi yao kutambua. Wala tusiing'oe mishubiri ya porini. Biashara yake baina ya nchi ina sheria, isipokuwa ya Aloe vera.

Shubiri ina heshima yake katika dini yetu. Imepokewa katika Sahih Muslim, kutoka kwa Uthman bin Affan (R.A.), habari ya mtu aliyeumwa macho akiwa katika ihramu, na kwamba tiba yake ilikuwa kuyafunga kwa shubiri. Lakini hiyo ilikuwa dawa ijulikanayo, kwa ugonjwa ujulikanao, nayo iliwekwa nje ya mwili.

Waarabu huliandika jina la mmea huu kwa herufi zile zile za subira: swad, ba na ra. Nasi twasema “subiri” tukimtaka mtu angoje. Siku ile barazani Nyeri hatukuwa na elimu ya kumpa mkaza mwana wetu; tulikuwa na neno hilo moja tu, naye alilisikia. Mtoto amezaliwa salama, alhamdulillahi, na kichaka kiko pale pale, ua wa nyumba.