Hata Kikombe cha Chai Kiandikwe

Mama alipofanyiwa upasuaji wa utumbo hapa Uingereza, kila muuguzi alipomuuliza kama amepata haja ndogo, aliitikia kwa kichwa na kutabasamu. Mimi, mwanafunzi wa uuguzi, nikamuuliza kwa Kiswahili. Akaninong'oneza: "Mwanangu, niwaonyeshe watu mkojo wangu?"

Mama ana kilo 60. Baada ya upasuaji, mtu mzima hutarajiwa kutoa angalau nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo, kila saa. Kwake ni mililita 30. Tulipopima, saa nne zilitoa 70 tu. Ulimi ulikuwa mkavu, mapigo ya moyo yakienda mbio. Nikamweleza muuguzi. Daktari akaja, dripu ikaongezwa, huku wakimsikiliza mapafu, maana maji yakizidi nayo huvimbisha miguu na kubana pumzi. Usiku mkojo ukarudi.

Ndugu msomaji, ukimuuguza mzazi hospitalini, usimwage mkojo usiopimwa. Usimpe uji wala chai bila ruhusa. Akinywa, akitapika au akiharisha, sema iandikwe. Na kama anaona haya, muulize wewe, kwa lugha yake.