Usiku Mkuu wa Polisi, Asubuhi Mchuuzi

Mwezi uliopita nilitumwa Dar es Salaam kununua karatasi, wino na daftari za ofisi, nikafikia kwa dada yangu Kariakoo, katika nyumba isiyo mbali na mtaa wa Aggrey. Usiku wa kwanza, yapata saa sita, nilishtushwa na sauti ya ukali uani: "Simama hapo hapo! Mikono juu! Una la kujitetea?" Nikaruka kutoka mkekani, nikashika fimbo, nikidhani mwizi amekamatwa. Kumbe hapakuwa na mwizi wala askari. Alikuwa mpwa wangu, kijana wa miaka 19, amekaa peke yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi na hedifoni masikioni.

"Samahani, Mjomba," alininong'oneza. "Nipo kazini. Mimi ndiye mkuu wa polisi."

Mchana kijana huyu ni mchuuzi. Anayo meza ndogo ya makava ya simu na chaja, nayo mali si yake, ni mali kauli: hupewa asubuhi na tajiri wa duka kwa neno la mdomo tu, jioni hurudisha fedha au mzigo. Aliyemdhamini ni mama yake. Msomaji alishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Asubuhi, tukinywa chai, nilimwomba anieleze kazi hiyo ya upolisi. Wengi wetu tukisikia gemu ya simu hufikiri mpira, au magari yanayoshindana, au kupigana risasi mpaka mmoja ashinde. Huu ni mchezo wa namna nyingine. Umo mji uliochorwa, una barabara, maduka, hospitali na gereza. Watu wengi huingia humo kwa pamoja kwa njia ya mtandao, kila mmoja katika simu yake au kompyuta yake, na kila mmoja hujichagulia jina na maisha: huyu daktari, huyu dereva wa teksi, huyu hakimu, yule jambazi. Huongea na kutenda kama mtu yule aliyemchagua. Hapana anayeshinda. Ni kama mchezo wa kuigiza, ila hauna kitabu cha maneno wala watazamaji, na hauishi. Wala si jambo la jana. Huko Marekani watu walikuwa wakiigiza hivyo mezani, kwa karatasi na dadu, tangu mwaka 1974 ulipouzwa mchezo uitwao Dungeons & Dragons; na mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, waliutia mchezo wa aina hiyo katika kompyuta ili watu wengi waingie pamoja. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijazaliwa.

Nilimsikiliza kwa heshima, lakini moyoni nilicheka. Kicheko kiliniisha Jumamosi.

Usiku wa Ijumaa mkuu wetu wa polisi alikuwa amemkamata jambazi mmoja mashuhuri wa mji ule na kumnyang'anya gari. Jambazi huyo, nje ya mchezo, ni kijana muuza viatu wa mtaa wa pili. Saa tatu asubuhi alikuja na wenzake wanne, akashika pembe ya meza ya mpwa wangu, akaipindua. Mvua ilikuwa imenyesha. Makava yaliingia mtaroni, chaja zikakanyagwa na mikokoteni. Hasara ilikuwa shilingi 60,000, nayo si hasara ya gari la kuchorwa. Dada yangu alipoletewa habari aliketi barazani akashika tama, maana jioni ile tajiri angemwuliza yeye.

Nilimwambia kijana aufute mchezo huo mara moja mbele yangu. Hakunijibu kwa ujeuri. Alisema tu, "Mjomba, huyu amevunja sheria ya kwanza. Soma mwenyewe." Akanipa simu.

Nilisomea ualimu, na katika maisha yangu nimeandika na kunakili sheria nyingi za shule na za vyama. Nikazisoma hizi kwa jicho la kalamu nyekundu. Zilikuwa ndefu, kwa Kiswahili cha mtaani, na tahajia yake ilinitia uchungu. Lakini mawazo yaliyomo yalininyamazisha.

Sheria ya kwanza yasema: wewe si yeye. Lililomtokea mtu wako mchezoni halikukutokea wewe, na chuki ya humo isitoke nje. Wala chuki ya nje isiingie humo. Ya pili ni ngumu zaidi: unalolijua nje usilitumie ndani. Ukisikia sokoni kwamba fulani ameficha mali mahali fulani mchezoni, mtu wako halijui jambo hilo mpaka aligundue kwa njia za mchezo. Tafakarini hapo. Ni kumdai mtu ajifanye hajui anachokijua, usiku wa manane, hapana anayemwona.

Ya tatu ndiyo niliyoipenda kama mwalimu, maana ni somo zima la sarufi. Unaruhusiwa kusema, "Ninakusukuma." Huruhusiwi kusema, "Nimekusukuma, umeanguka, umevunjika mguu." Kusukuma ni kwako, kuanguka ni kwa mwenzako, naye ndiye atakayesema kama ameanguka au amejishikiza ukutani. Kila mtu na asemee mwili wake. Laiti sheria hiyo ingetumika barazani petu, ambako mtu husimulia ugomvi na kumsemea mwenzake mpaka mawazo yake!

Ziko nyingine, nitazipitia upesi. Usiue mtu bila sababu itokanayo na hadithi. Ukielekezewa bunduki, ogopa, hata kama unajua ni picha, maana asiyeogopa huharibu mchezo wa wote. Usimtajie mtu jina lake la kweli wala anakoishi. Na mambo ya faragha ya mwili hayaigizwi bila ridhaa ya wote wawili, na kwa aliye chini ya miaka 18 hayaigizwi kabisa. Lipo hata neno moja ambalo mchezaji akilitamka, yote husimama papo hapo.

Sheria hiyo ya mwisho yanikumbusha majuto ya zamani. Mwaka 1993, katika mji wa namna hiyo ulioitwa LambdaMOO, uliokuwa ndani ya kompyuta huko California na ulioandikwa kwa maneno matupu bila picha, mchezaji mmoja alitumia hila akawasemea wenzake matendo ya aibu ambayo hawakuyakubali. Mwili wa mtu haukuguswa, lakini mmoja wa waliotendewa alilia machozi ya kweli. Wenyeji wa mji ule walibishana siku nyingi: je, hili ni kosa, au ni maneno tu? Mwisho mmoja wa wasimamizi alimfuta mtu yule, na mwasisi wa mji, Pavel Curtis, akaweka utaratibu wa maombi na kura ili wachezaji wenyewe waamue mambo yao. Mwandishi Julian Dibbell aliiandika habari hiyo mwaka huo huo, nayo yasomwa hata leo.

Msomaji mzee huenda amekwisha kutabasamu, maana watu kuvaa vyeo visivyo vyao si jambo geni Dar es Salaam. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi cha Waingereza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Na katika miaka ile ile ya vita, ngoma iliyotia fora mjini ilikuwa beni. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890; jina lake ni lile neno la Kiingereza la bendi ya tarumbeta. Lakini beni haikuwa kucheza tu. Ilikuwa ni kuigiza serikali nzima. Dar es Salaam palikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa elimu na usafi. Kwa Arinoti wengi walikuwa watu wa kazi za mikono na wageni kutoka bara. Kila upande ulikuwa na Kingi wake, na majenerali, na madaktari, na akina mama wenye vyeo vyao. Karani mdogo asiyeamkiwa na mtu ofisini alipigiwa saluti Jumapili kwa kuwa ni jenerali.

Na sheria zilikuwako. Wa chini alimtii wa juu. Kila mmoja alitoa mchango wake. Mwenzao akifa walimzika, na mwanachama aliyefika mji mgeni alipokelewa na wenzake wa huko. Askari na wachukuzi waliieneza beni bara kiasi kwamba baada ya vita serikali ya Waingereza iliingiwa na hofu, ikachunguza kama nyuma ya vyeo vile kuna uasi. Haikuona njama yoyote. Profesa Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliyakusanya mambo haya katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Wasomaji wa Mbinga na Nyasa wenye ngoma ya mganda, pamoja na mavazi yake meupe na mistari yake iliyonyooka, wajue kwamba wanacheza mjukuu wa beni.

Wala nisiipake beni asali. Marini na Arinoti walitukanana kwa nyimbo, na mashindano ya karamu yaliwafilisi watu hapa pwani. Chuki ya mchezo ilitoka nje siku zile kama ilivyotoka Jumamosi ile mtaani kwetu. Lakini iko tofauti moja, na kwangu ndiyo kubwa. Jenerali wa Marini akikosa, alijulikana uso. Aliowakosea ndio waliomsalimu kesho yake sokoni, na ndio ambao siku moja wangebeba jeneza lake. Mchezoni mwa simu, anayevunja sheria huonywa kwanza, kisha hufungiwa siku kadhaa, kisha hufukuzwa kabisa. Naye hurudi usiku ule ule kwa jina jipya. Na mwamuzi ni nani? Ni admini, ambaye mara nyingi naye anacheza. Katika kundi la mpwa wangu admini huuza magari ya mchezoni kwa fedha za kweli, kupitia simu, na muuza viatu alikuwa mteja wake. Hapo sheria nzuri hazifui dafu.

Kwa hiyo mzazi aliye kijijini, mwenye kijana mjini au mtoto mwenye simu pale pale nyumbani, sioni faida ya kumwuliza tu, "Unacheza gemu?" Atasema ndiyo, au atasema hapana. Muulizeni: Humo wewe ni nani? Wakubwa wenu ni akina nani, mmewahi kuonana? Mwenzako akikukosea unamshitaki wapi? Umelipa kiasi gani? Kijana mwenye majibu hayo yuko mahali penye mipaka. Akiwa ni mtoto, anacheza na watu wazima asiowajua, na hawezi kujibu hata moja, hapo ndipo pa kuichukua simu. Tena matusi na vitisho vya mtandaoni si mchezo mbele ya serikali: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayahusu, hata kama mtusi amejiita jina la kubuni.

Sisi hatukufika polisi. Dada aliona afadhali kwenda kwa mjumbe, mama mtu mzima auzaye vitumbua. Jumapili jioni tukakaa barazani kwake, vijana wote wawili wameinamisha vichwa.

"Kwa nini ulipindua meza ya mwenzio?" aliuliza mjumbe.

"Shikamoo, mama. Aliniibia gari."

"Marahaba. Gari gani? Lina namba gani?"

Watu waliangua kicheko. Muuza viatu hakucheka. Alisema amefanya udereva wa teksi mchezoni wiki sita, kila usiku, akilala saa tatu tu, mpaka akalipata gari lile. Na ya kwamba nje ya hapo hajapata kuwa na kitu chake mwenyewe. Kicheko kilikatika. Mjumbe aliamuru alipe zile shilingi 60,000 kwa mafungu matatu, kila mwisho wa wiki, mbele yake.

Tulipokuwa tukiinuka, mpwa wangu akabaki ameketi. "Mama, na mimi nina neno. Gari lile sikulitafuta. Nilisikia lilipofichwa nilipokuwa nimesimama kwenye meza yake ya viatu, akimwambia rafiki yake. Ilikuwa haramu kulitumia."

Mjumbe hakuelewa, akanitazama mimi. Nikamweleza kwa ufupi sheria ya pili. Alifikiri kidogo, akasema fungu la tatu lisamehewe, shilingi 20,000, nalo alibebe mkuu wa polisi. Usiku ule kijana aliandika habari yake mwenyewe mbele ya kundi zima. Gari likarudishwa. Muuza viatu akafungiwa siku 14 kwa ajili ya meza, na mkuu wa polisi akavuliwa cheo.

Nilisafiri Jumanne alfajiri kwa basi. Nikitoka uani na mzigo wangu wa karatasi nilimkuta juu ya ndoo ile ile, simu mkononi, akipiga mluzi taratibu. Sasa ni askari wa barabarani, akaniambia, na foleni ya huko ilikuwa mbaya kuliko ya mtaa wa Msimbazi.