Usukani Ulioinama Baada ya Kupangwa Magurudumu

Mkaguzi afikapo katika chama cha msingi hutazamiwa kuomba vitabu vya fedha, nami huanza na hivyo. Lakini chama kikiwa na gari, nikimaliza vitabu huomba kwenda na dereva japo mwendo mfupi, kwa sababu zipo hati za malipo ambazo ukweli wake hauonekani mezani. Safari moja, katika chama ambacho sitakitaja, nilikuta hati ya pikapu yao kuukuu yenye maneno "kupanga magurudumu na kunyoosha usukani". Hesabu ilikuwa safi. Barabarani usukani ulisimama sawasawa, gari halikuvuta upande, na dereva akasifu ufundi. Tulipomaliza kona ya kushoto, indiketa ya kushoto iliendelea kuwaka. Dereva aliizima kwa mkono bila hata kufikiri, maana alikwisha kuzoea.

Jambo hilo si dogo. Wasafiri wa barabara kuu wanaijua desturi ya madereva wa malori: wa mbele akiwasha taa ya kushoto, wa nyuma huelewa kuwa anaweza kupita, akiwasha ya kulia, huelewa asubiri. Si desturi ya kutegemewa, lakini wengi huitegemea. Basi gari la chama likipanda mlima na shehena, huku taa ya kushoto imesahauliwa, humwita mwenye basi aliye nyuma apite wakati lori jingine linateremka mbele yake.

Yafaa tueleze chanzo. Magurudumu ya mbele huunganishwa na usukani kwa vyuma ambavyo mafundi huviita tairodi. Katika alaimenti fundi hurefusha au kufupisha tairodi hizo ili magurudumu yaelekeane ipasavyo. Kabla ya kuanza inampasa aunyooshe usukani na kuufunga usitikisike. Akipuuza hilo, magurudumu yaweza kuwa sawa kabisa yenyewe kwa yenyewe, na usukani ukabaki umeinama gari linapokwenda moja kwa moja. Dawa yake ni kurudi kwenye tairodi: moja irefushwe na ya pili ifupishwe kwa kiasi kile kile, na hapo usukani hurejea mahali pake bila kuharibu kipimo. Magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70 na malori mengi, yana chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili na kingine kinachotoka kwenye steringi boksi. Aghalabu usukani hunyooshwa kwa hicho cha pili.

Fundi mwenye haraka hapendi kulala chini ya gari. Huufungua usukani, akauzungusha meno mawili matatu juu ya mhimili wake, akaurudisha ukiwa umesimama. Macho yanaridhika. Lakini chini ya usukani pana kijino ambacho ndicho hurudisha kijiti cha indiketa kona inapokwisha. Katika baadhi ya magari kijino hicho kimefungwa kwenye mhimili wenyewe. Usukani huhamishwa nacho hubaki kilipokuwa, kikazima taa mapema upande mmoja na kuchelewa au kutozima kabisa upande wa pili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pikapu ile. Katika magari mengine kijino huzunguka na usukani, na hapo indiketa hupona na kuficha kosa.

Hata hivyo kosa lipo. Steringi boksi hutengenezwa ili ulegevu uwe mdogo kabisa pale katikati yake. Usukani ukichomolewa na kugeuzwa, boksi hubaki nje ya katikati, na dereva huona usukani umelegea mwendoni. Kuipata katikati si kazi ngumu: chuma cha boksi kifunguliwe, fundi ahesabu mizunguko kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, kisha arudishe nusu yake. Hapo usukani usiposimama wima, ujue umehamishwa. Urudishwe kwenye jino lake kwanza, ndipo vyuma virekebishwe. Kwa magari ya siku hizi yenye mfuko wa hewa ndani ya usukani, kuuchomoa ovyo ni hatari zaidi, maana waya uliozungushwa chini yake hukatika.

Ndugu Katibu, hati ya kuagiza kazi iseme wazi kwamba usukani unyooshwe kwa tairodi wala usichomolewe. Fundi akague kwanza ncha za tairodi na upepo wa matairi, kwa kuwa ncha iliyolegea haishiki kipimo hata siku mbili. Kisha dereva apite mahali tambarare, akate kona za kushoto na za kulia, atazame kama kila taa inajizima yenyewe.

Pikapu ile ilirudishwa gereji nyingine, ikatengenezwa kwa asubuhi moja, na chama kikalipa mara ya pili. Malipo hayo niliyaandika katika taarifa yangu kwa kamati kuwa ni hasara, kwa sababu hati ya kwanza ilitiwa sahihi kabla gari halijatoka uani kwa fundi.