Kabla ya Kubadili Kufuli

Mume aliondoka nyumbani miaka miwili iliyopita, hakutuma hata senti. Sasa anarudi usiku, anagonga mlango na kutisha, akisema nyumba ni yake. Katika kata kama Nyasura, Bunda mjini, majirani watamshauri mke abadili kufuli. Wakwe watasema kaeni myamalize, ng'ombe wa mahari walishatolewa.

Nianze na hao ng'ombe: mahari haimpi mume ruhusa ya kupiga. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sheria hiyo ilitungwa Mwalimu Nyerere akiwa Rais, mtu wa Butiama, jirani kabisa na Bunda, lakini hadi leo wapo wazee huko huko mkoani Mara wanaozungumza kana kwamba haijawafikia.

Kufuli ni jambo gumu zaidi. Maadamu ndoa ipo, wote wawili wana haki katika nyumba ya ndoa, na anayemfungia mwenzake nje kwa uamuzi wake anajitafutia kesi. Ila haki hiyo inamlinda mke pia: hata kama kiwanja kina jina la mume peke yake, hawezi kukiuza, kukipangisha wala kukiweka rehani bila ridhaa ya mke. Na mke aliyetelekezwa hatolewi humo kwa matakwa ya mume tu.

Atakayemzuia mume kisheria ni hakimu. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani ni lazima kwanza wadai talaka, wapitie baraza la usuluhishi wa ndoa, wangoje hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana. Utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya talaka. Mtu anaweza kuomba amri ya kutengana tu: ndoa inabaki, ila wajibu wa kuishi pamoja unaondoka. Shauri likiwa mahakamani, hata kabla halijaamuliwa, mahakama ina uwezo wa kumwamuru mume aache kujilazimisha kwa mkewe na kumbughudhi. Mashauri ya ndoa husikilizwa hata na Mahakama ya Mwanzo, na kwa asiyemudu wakili wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Udhaifu wetu ni kwamba zuio hilo limefungwa kwenye shauri la ndoa. Kenya ilitunga mwaka 2015 sheria mahususi ya ukatili wa nyumbani, na huko mtu huomba amri ya ulinzi bila kufungua shauri la ndoa. Uganda ilitangulia mwaka 2010. Sisi bado, na sioni sababu ya kuendelea kungoja.

Kama kuna kipigo au vitisho, njia ya jinai haisubiri shauri la ndoa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, chukua fomu ya polisi ya PF3 kabla ya matibabu. Ila kama umeumia vibaya, hospitali kwanza. Kesi ikifunguliwa, mwambie mwendesha mashtaka aombe sharti la dhamana kwamba mshtakiwa asikukaribie.

Ukipata amri, omba nakala zenye muhuri. Moja ipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine kituoni, nyingine ikae ndani ya nyumba. Polisi akiitwa saa nane usiku, swali lake la kwanza litakuwa karatasi iko wapi.