Paka wa Nyumbani na Mimea Yenye Sumu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila mnyama na kumpa riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu mnaotusikiliza majumbani, nanyi wanafunzi wa vyuoni: leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni paka tunaokaa nao, na mimea tuliyoipanda uani na vibarazani mwetu.

Cheo cha paka katika nyumba ya Muislamu chajulikana. Bibi Kabsha binti Kaab bin Malik alimtilia mkwewe, Abu Qatada, maji ya kutawadha. Akaja paka, na mzee yule akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona mkwewe anamtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume amefundisha kwamba paka si najisi, na kwamba ni miongoni mwa wenye kutuzungukia. Hadithi hii imo katika Muwatta wa Imam Malik.

Iko na nyingine, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Wengi huisikia wakadhani kuwa alimpiga. Kosa alilotajiwa ni kumfungia: hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia vijidudu vya ardhini. Na wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamemlazimisha mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha.

Sasa tutazame hali yetu. Paka wa vichochoro vya Lamu hutembea atakako. Paka wa ghorofani hana hiari. Akitamani jani la kutafuna, na kutafuna majani ni tabia yake, atatafuna lile tulilomwekea sisi.

Lililo baya kuliko yote kwake ni ua la lili. Hatukusudii yungiyungi la ziwani. Twakusudia yale maua makubwa yenye umbo la tarumbeta, yenye vumbi la rangi ya machungwa, yanunuliwayo kupambia sebule na harusi. Kila sehemu yake ni sumu kwa paka: ua, jani, bua, hata maji ya chombo lilimowekwa. Vumbi likimwangukia manyoyani naye akajilamba, kama ilivyo ada ya paka kujisafisha, hilo latosha kumuua. Mbwa akilila huumwa na tumbo; paka huharibika figo. Na hadaa ya sumu hii ni kwamba paka hutapika na kuzubaa saa za mwanzo, kisha huonekana amepata nafuu, na wenyewe wakatulia. Kumbe figo zinaendelea kufa, na kwa siku moja hadi tatu husimama kabisa. Akifikishwa mapema kwa daktari wa mifugo, kabla ya saa 18 kupita, akatiwa maji mishipani, matumaini yapo. Mkojo ukishakatika, ni wachache waponao.

Mwingine ni oleanda, ambao Waarabu huuita difla. Huu hushika moyo. Tena ni mti wa kuogopewa na kila mwenye watoto, si mwenye paka peke yake. Mbegu za mbono ni hatari, khasa zikitafunwa. Mtapo wetu wa pwani huharibu ini. Wazee waliokula unga wake wakati wa njaa walijua kuwa hauliwi kabla ya kukaushwa na kurowekwa, lakini paka hana wa kumwandalia. Shubiri iliyopandwa kwa ajili ya dawa humtapisha na kumharisha.

Hatusemi kuwa kupanda mimea hii ni haramu. Twasema kuwa mwenye paka aliyefungiwa ndani asiilaze nyumba moja naye. Kuinua chungu juu ya kabati hakufai kitu, paka hupanda.

Akionekana amekula, asisubiriwe mpaka azidiwe. Afutwe vumbi manyoyani, na kipande cha mmea kichukuliwe pamoja naye ili daktari aujue. Asilazimishwe kunywa maziwa, chumvi wala mafuta kwa kutaka atapike, maana yaweza kumwingia mapafuni. Wala asipewe parasetamoli kwa kumhurumia. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Mtu atauliza: je, nyumba zetu zikose maua? La. Waridi, asumini na rihani, ambazo bibi zetu walizipanda uani, hazina sumu kwa paka, na harufu zake twazijua. Mtume ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi naye paka na atiwe katika hesabu hiyo. Chukueni kopo, mtie udongo, mpande konzi ya ngano isiyotiwa dawa. Huota kwa siku chache, naye hutafuna majani yake bila ya madhara.