Je, Wajua? Presha, Moyo na Ushahidi Uliotoka Mpakani

Je, wajua kwamba mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya ya leo, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kwa miaka miwili wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa hospitalini kwake na hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda? Alipima pia watu 1,000 wasio wagonjwa. Presha zao hazikupanda na umri kama za Wazungu, na kwa waliopita miaka 40 zilielekea kushuka. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta presha imepanda kwa asilimia 23.8 ya watu wazima, karibu mmoja kati ya wanne, na zaidi ya nusu hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Haijapita karne kati ya ripoti hizo mbili.

Ni nini kilichobadilika? Sehemu ya jibu ilitafutwa kwa vijana waliofunga mizigo na kupanda gari kwenda Nairobi. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria, majirani kabisa wa Busia iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka 1990: presha za wahamaji zilianza kuwa juu mapema mno baada ya kufika mjini. Mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, na katika mkojo wao sodiamu, ile ya chumvi, ilikuwa imeizidi potasiamu zaidi kuliko kwa wa kijijini. Potasiamu ndiyo iliyo tele katika mboga za majani, maharagwe, ndizi na viazi vitamu. Kijana anayetoka Bumala leo kutafuta kazi Nairobi anaweza kubadilika presha kabla hajanunua kitanda chake cha kwanza.

Je, wajua kwamba watoto wa Mbale na Soroti waliifanya dunia nzima ifikirie upya jinsi ya kumtibu mtoto ambaye damu yake haizunguki sawasawa? Hapa nitakaa kidogo.

Mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo hafifu, miongozo ya tiba ilisema atiwe maji mengi mshipani haraka ili mzunguko wa damu urudi. Ilionekana jambo la wazi, na madaktari wengi walilifanya kwa moyo safi. Lakini hakuna aliyekuwa amelipima kwa jaribio kubwa katika hospitali zetu, ambako malaria na upungufu wa damu huja pamoja. Kathryn Maitland na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania wakalipima katika hospitali sita, zikiwemo za Kilifi, Mbale na Soroti. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa maji ya haraka, wengine wakapewa huduma zote nyingine bila maji hayo. Januari 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, 10 hadi 11 walikuwa wamefariki. Kwa wasiopewa, walikuwa 7. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vifo vya ziada ilitokana na moyo na mishipa kushindwa kazi, si mapafu kujaa maji kama ilivyodhaniwa. Kila mzazi aliyekubali mwanawe aingizwe kwenye jaribio lile, katika saa ngumu kuliko zote, amewaachia watoto wa wengine uhai. Wazazi hao wanastahili kukumbukwa kwa heshima.

Je, wajua kwamba minyoo ya kichocho huishi ndani ya mishipa ya damu? Ile ya upande wa ziwa hukaa katika mishipa ya utumbo, na mayai yake yakifika mapafuni yanaweza kuzuia njia ya damu hadi upande wa kulia wa moyo uchoke kwa kusukuma. Busia ina historia kubwa hapa. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za Budalangi na Funyula zilishiriki mradi wa dawa za minyoo, na palipozidi kichocho watoto walipewa dawa yake pia. Michael Kremer, mmoja wa watafiti wa mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Koo la mtoto likiuma mara kwa mara bila tiba, je, wajua linaweza kumharibia vali za moyo? Bakteria wa kooni huuchochea mwili ujishambulie wenyewe. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Moyo ya Uganda walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 kwa mawimbi ya sauti, wakawatafuta wale ambao ugonjwa ulikuwa umeanza bila dalili. Watoto 818 waliingia katika jaribio. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Kati ya waliofuatiliwa hadi mwisho, ugonjwa ulizidi kwa watoto 33 wasiochomwa, na kwa 3 tu waliochomwa. Penisilini ni dawa ya zamani tena ya bei nafuu, na inaniuma kwamba bado kuna watoto wanaofika hospitalini wakati vali zimekwisha kuharibika.

Turudi kwenye presha. Ukiwa Malaba, ng'ambo kidogo tu ni Tororo. Vijiji vya huko vilikuwa miongoni mwa jamii 32 za Kenya na Uganda zilizoshiriki utafiti uitwao SEARCH. Ulijulikana zaidi kwa kazi yake ya Virusi vya UKIMWI, lakini katika kambi zake za afya watu walipimwa pia presha na sukari. Mwaka 2019 ikaripotiwa kwamba katika jamii zilizopata huduma hiyo ya pamoja, asilimia 47 ya wenye presha walikuwa wameidhibiti, na kwa nyingine asilimia 37.

Na chama je? Wajua kwamba chama cha kuweka akiba kimewahi kujaribiwa kama njia ya kutibu presha? Mpango wa AMPATH wa Eldoret, ambao mtandao wake wa kliniki umefika hadi Khunyangu, Amukura na Port Victoria, uliwagawa watu 2,890 wa magharibi mwa Kenya katika makundi manne. Waliokutana pamoja wakapimwa, wakapewa dawa na kukopeshana fedha, presha yao ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 16.4 kwa mwaka. Wa kliniki ya kawaida ilishuka 11.4. Watafiti wenyewe walikiri kwamba hesabu haikutosha kuondoa shaka kuwa tofauti hiyo ni ya bahati. Mimi naiona njia yenye matumaini, maana mgonjwa wa presha huacha dawa nauli inapomshinda.

Na dawa zenyewe je? Jaribio la CREOLE, lililochapishwa 2019, liliwahusisha wagonjwa Weusi 728 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Michanganyiko miwili ya dawa yenye amlodipini ilishusha presha zaidi kuliko ule usiokuwa nayo.

Dereva wa lori uliye kwenye foleni ya Malaba, hili ni lako: mwaka 1953 Jerry Morris alionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Foleni ikisimama, shuka utembee.

Je, wajua kwamba mikoba waliyogawiwa wahudumu wa afya ya jamii kote Kenya mwaka 2023 ina mashine ya presha? Mhudumu akifika kwako, kaa kwanza dakika tano ukiwa umeegemea, nyayo zikiwa chini, mkono umeulaza juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umetoka kunywa chai au kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Usizungumze mashine inapofanya kazi, na nenda msalani kabla ya kukaa: kibofu kilichojaa chenyewe hupandisha presha.