Mwizi Aliyeaminiwa na Majeshi Mawili

Wajukuu zangu, sogeeni niwasimulie kisa cha mwizi aliyeaminiwa na majeshi mawili yaliyokuwa yakipigana. Filamu yake inaitwa Triple Cross. Ilitoka mwaka 1966, na anayeigiza mwizi huyo ni Christopher Plummer. Aliyeiongoza, Terence Young, hakumjua mwizi wake vitabuni tu. Walifahamiana tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Maana mtu huyo aliishi kweli. Aliitwa Eddie Chapman, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1914, fundi wa kulipua makasha ya fedha kwa baruti. Mwaka 1939, akiwakimbia polisi, alinaswa katika kisiwa cha Jersey na kufungwa. Mwaka uliofuata, akiwa bado kifungoni, Wajerumani wakakiteka kisiwa hicho.

Chapman alijua kwamba polisi wa kwao walikuwa bado wanamsubiri. Basi akajitolea kuwa jasusi wa Wajerumani. Wakampeleka Nantes, nchini Ufaransa, wakamfundisha kutuma habari kwa redio, kuruka kwa mwavuli na kulipua mitambo. Desemba 1942 wakamdondosha usiku huko Uingereza. Kazi aliyopewa: akalipue kiwanda cha Hatfield kilichounda ndege za Mosquito, ndege za mbao zilizowasumbua sana Wajerumani kwa kasi yake.

Mnadhani alifanya nini? Aligonga mlango wa nyumba ya mkulima, akaomba polisi waitwe! Waingereza nao hawakushtuka, kwa sababu walikuwa wakizisoma jumbe za siri za adui na walijua kuna mgeni njiani. Wakamfanya jasusi wao, wakampa jina la siri la Zigzag.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye utamu. Wajerumani walitaka kiwanda kilipuke. Wasipoona mlipuko, Chapman wasingemwamini tena. Basi usiku mmoja wa Januari 1943 mafundi wakaingia kiwandani kimyakimya. Wakafunika majengo kwa maturubai yaliyochorwa yafanane na paa lililobomoka. Wakaunda transfoma bandia zilizopinduka, wakatawanya vifusi uani. Asubuhi, aliyepita angani aliona maangamizi, kumbe hakuna msumari uliong'oka. Gazeti la Daily Express nalo likachapisha habari ya mlipuko kiwandani. Chapman akatuma ujumbe kwa redio kwamba kazi imekwisha, na wakubwa wake wakafurahi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini huyu hakuponyokwa. Alirudi kwa Wajerumani kupitia Lisbon, nao wakamtunuku nishani ya Msalaba wa Chuma. Hebu fikirini: Mwingereza anavishwa nishani ya adui kwa kiwanda ambacho hakukigusa!

Juni 1944 walimtuma tena Uingereza. Wakati huo mabomu yaliyoruka yenyewe bila rubani yalikuwa yakiishambulia London, na Wajerumani walitaka awaambie yanaangukia wapi. Waingereza wakampa majibu ya uongo kwamba mabomu yanapita mbali mno, ili adui apunguze masafa na yaanguke kabla ya kufika katikati ya jiji. Jambo hilo lilikuwa zito, wajukuu zangu, kwa kuwa hata huko yalikoangukia waliishi watu. Waliopanga hila hiyo walilijua hilo, na bado wakaifanya.

Je, Chapman alikuwa shujaa? Kabla ya vita aliwaibia watu wasiomkosea, na hilo silisafishi. Lakini kurudi kwa hiari yake kati ya maadui, akijua kosa moja tu lingemuua, ni ushujaa, na kwa kazi hiyo namheshimu.

Mkiitazama filamu hiyo, jueni kwamba imetiwa chumvi hapa na pale, kama filamu nyingi za vita. Mwisho wa kweli hauhitaji chumvi: Chapman aliishi hadi mwaka 1997, na mkuu wa Kijerumani aliyemfundisha ujasusi, Stephan von Gröning, alialikwa kwenye harusi ya binti wa Chapman, naye akaenda.